Tarumbeta za Mogadishu Katika Mkahawa wa Liboi

Atakaye kusikia saksafoni na tarumbeta za bendi kubwa asidhani ni lazima apande ndege. Mimi nilizisikia Liboi, mji mdogo wa mpakani katika Kaunti ya Garissa, ambako ukivuka upande wa pili unashika njia ya Dhobley, Somalia. Nilikwenda mwaka 2019 kumzuru jamaa yangu. Jua lilikuwa la kuchoma utosi, nikaingia mkahawani kunywa chai ya maziwa, na chai ile ilipoa mezani bila ya kunywewa.

Juu ya kabati palikuwa na redio ya kaseti, kuukuu, kifuniko chake kimefungwa kwa mpira. Ndani yake saksafoni zilikuwa zikipuliza kwa pamoja, tarumbeta zikizijibu, na katikati yake sauti ya mwanamke akiimba Kisomali.

Wapenzi wa santuri za zamani wanaujua mchezo huo. Huko Marekani, miaka ya 1930 na 1940, bendi za akina Duke Ellington na Count Basie zilikuwa na watu kama kumi na tano, wamepangwa safu safu: saksafoni kwao, tarumbeta kwao, trombone kwao. Safu moja huuliza, nyingine hujibu. Upande mmoja wa santuri za siku zile ulichukua kama dakika tatu tu, na humo mambo yote yalibidi yatimie. Ellington mwenyewe alifika Addis Ababa mwaka 1973. Sisemi kuwa Wasomali walimwiga. Nyimbo zao zina mizani yao na mashairi yao. Lakini ule ufundi wa wapulizaji wengi kusema kwa kinywa kimoja, huo ni ndugu wa damu.

Mwenye mkahawa, mzee wa makamo ya babu yangu, aliniona nimetega sikio.

“Waijua hiyo, mwanangu?”

“Siijui, mzee. Nani hao?”

“Iftin,” akajibu.

Iftin, yaani mwanga, ilikuwa bendi ya Wizara ya Elimu. Baada ya Siad Barre kutwaa nchi mwaka 1969, muziki uliingia mikononi mwa serikali. Jeshi lilikuwa na Horseed, polisi wana Heegan, na Waaberi walikuwa kundi kubwa la taifa. Mpiga saksafoni alipokea mshahara kama karani. Nyimbo nyingi zilirekodiwa redioni, na wananchi wakazipata kwa kanda zilizonakiliwa madukani. Baadaye bendi kama Dur-Dur zikavuma katika mahoteli ya Mogadishu. Serikali ile ilitaka sifa zake ziimbwe, hilo halifichiki, lakini watu walikumbuka zaidi nyimbo za mapenzi.

Kisha vita. Hargeisa ilipopigwa mabomu mwaka 1988, wapo waliozika kanda za redio ardhini zisiangamie. Mwaka 1991 Mogadishu nayo ikavunjika, watu wakamiminika Liboi kwa maelfu. Mwaka 2010 wapiganaji waliziamrisha redio za Mogadishu ziache kupiga muziki wowote. Najua wapo wasomaji wangu wasioridhia ala za muziki. Hitilafu hiyo ya wanazuoni ni ya kale, na mimi si kadhi. Mzee wangu yule, adhana ilipolia, alizima redio kabla ya neno la pili, akatoka kwenda kuswali.

Aliporudi alinionyesha bati la biskuti lenye kanda kumi na moja. Alizibeba kutoka Mogadishu mwaka 1991, zimefungwa ndani ya kikoi. Mjukuu wake akacheka, akatoa simu: baadhi ya nyimbo zile zimo humo, safi zaidi. Ni kweli. Mwaka 2017 mkusanyo wa nyimbo za Kisomali uitwao Sweet as Broken Dates ulitolewa, ukateuliwa kushindania tuzo ya Grammy, na mwaka 2019 ukatoka mwingine, Mogadisco. Nilifurahi, ingawa iliniuma kidogo kwamba sisi majirani tulisubiri hadi Ulaya na Marekani watusikilizishe.

“Basi mzee, za nini tena kanda hizi?” nikauliza.

Hakunijibu. Alitia kanda moja, akaipeleka mwisho. Saksafoni zikamalizika, ikasikika tak, kisha sauti ya mwanamke, karibu kabisa na kinasa sauti, akimwita mtu aje kula. Kifungo kilibonyezwa kwa makosa. Alikuwa mkewe, aliyefariki njiani mwaka ule wa 1991. Na kanda sasa imeanza kukwaruza. Mashine imekwisha kuitafuna mara mbili.

Aliniomba niipeleke Mombasa. Nilisita, kwani amana kama ile haibebeki kwa mkono mwepesi, lakini niliichukua. Fundi aliifungua skrubu moja moja, akasafisha utepe kwa pamba, akainakili. Aliniuliza kama aikate ile sehemu ya mwisho isiyo muziki. Nilimwambia asiiguse.

Nikairudisha kwa basi la Garissa, pamoja na nakala. Baada ya wiki mjukuu alinipigia simu. Kanda imefika, alisema, na babu amesikiliza saksafoni zote, lakini alipofika karibu na mwisho aliwaomba wateja watoke kwanza.