Mzungu wa Nne: Nguvu na Thamani katika Istilahi za Karata

1.0 Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuchunguza jinsi uwezo wa karata za picha unavyobainishwa katika Kiswahili cha pwani. Tuchukue mfano wa wachezaji wanne walioketi barazani Mbwera, katika delta ya Rufiji, wakingoja maji yajae. Mmoja anatupa mzungu wa nne, yaani mfalme. Mwenzake anamshinda kwa seti, karata ya saba. Asiyeujua mchezo atashangaa: saba inamshindaje mfalme? Na huyo mfalme ni wa nne katika safu ipi?

2.0 Namba katika jina la mzungu

Kwa umbo lake, neno "pili" katika "mzungu wa pili" huonyesha mpangilio, tofauti na "mbili" inayoonyesha idadi. Hata hivyo, ufafanuzi wa mpangilio hauridhishi, kwani wapo mzungu wa pili (malkia), wa tatu (ghulamu) na wa nne (mfalme), lakini hakuna mzungu wa kwanza. Jibu limo katika hesabu. Katika mchezo wa wahedi wa sitini, kama ilivyo katika michezo ya Kireno ya jamii hiyo, malkia huhesabiwa alama 2, ghulamu 3, mfalme 4, seti 10 na ree 11. Jumla ni 30 kwa kila aina, na 120 kwa aina zote nne. Nusu yake ni 60. Kwa hiyo mwenye 61 ameshinda, na ndiyo maana ya jina la mchezo.

Msamiati wenyewe unaunga mkono asili hiyo: karata, kopa, uru, shupaza, seti na turufu ni maneno yaliyotokana na Kireno, lugha iliyofika pwani yetu mwaka 1498.

3.0 Nguvu si thamani

Ni vema kutofautisha mambo mawili. Thamani ni alama ambazo karata humpa aliyeitwaa, haibadiliki. Nguvu ni uwezo wa kushinda karata nyingine. Hiyo hutegemea turufu. Mbili ya turufu haina alama hata moja, lakini humshinda ree wa aina nyingine na kuzitwaa alama zake 11. Kwa hiyo, mchezaji hodari hamtupi mzungu wa nne kabla ya kujua seti na ree wa aina yake wako wapi.

4.0 Hitimisho

Kamusi inayosema tu kwamba mzungu wa nne ni "mfalme" imetaja sura ya karata, ikaacha uwezo wake. Wachezaji wanapozidi kusema "mfalme" na "malkia", namba zinatoweka katika majina, na pamoja nazo ushahidi wa hesabu iliyoyazaa. Tunapendekeza kila kidahizo cha namna hii kionyeshe thamani na nguvu, kabla wajuao kuhesabu barazani hawajatutoka.