Ukiziba Ufa kwa Plasta Tu, Bado Utajenga Ukuta
Mwongozo kwa wenye majengo ya biashara, wasimamizi na wapangaji wa Mombasa

Tembea chini ya varanda za maduka yetu ya zamani saa sita mchana, jua likiwa kali na watu wamejibanza kivulini. Mama wa viazi karai ameweka jiko lake hapo, muuza kofia amepanga bidhaa, abiria wanangoja matatu. Sasa inua macho utazame dari la varanda hiyo. Mara nyingi utaona doa la rangi ya kahawia, ufa ulionyooka kama uliochorwa kwa rula, au mahali ambapo saruji imebanduka na chuma chenye kutu kinachungulia. Kipande kikianguka kutoka hapo, hata kikiwa na ukubwa wa tofali tu, chaweza kuua mtu.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Wenye majengo wengi wamelisikia neno hilo na kulitii: kila mwaka huita fundi, akapiga plasta na rangi, jengo likapendeza. Baada ya masika mawili ufa umerudi palepale, tena ni mpana zaidi. Makala haya yanaeleza kwa nini jambo hilo hutokea, ni dalili zipi za kuangalia, matengenezo ya kweli hufanywaje, na nani anawajibika.

Kwa nini zege la pwani huharibika

Zege, au konkriti kama wengi wetu tunavyoliita, ni mchanganyiko wa saruji, mchanga, kokoto na maji. Hubeba mzigo mzito unaolikandamiza, lakini likivutwa au kupindwa hukatika upesi. Ndiyo maana huwekwa vyuma ndani yake. Zege likiwa zima huvilinda vyuma hivyo, kwa kuwa saruji ina hali ya kialkali ambayo huzuia kutu.

Ulinzi huo huvunjwa na vitu viwili. Cha kwanza ni hewa. Gesi ya kaboni iliyo hewani hupenya zege polepole, mwaka hadi mwaka, na kupunguza ile hali ya kialkali. Ikifika kwenye chuma, chuma hubaki bila kinga. Cha pili ni chumvi, nayo ndiyo adui mkubwa wa Mombasa. Pepo za kusi huleta vumbi la maji ya bahari hadi ndani ya mji. Isitoshe, majengo mengine yalizaliwa na chumvi: yalijengwa kwa mchanga wa ufuoni au kwa maji ya kisima yenye munyu, kwa kuwa ndivyo vilivyokuwa karibu na kwa bei rahisi.

Chuma kikianza kula kutu, kutu hiyo huhitaji nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, mara mbili au hata zaidi. Ndani ya zege hakuna nafasi ya ziada. Kwa hivyo kutu husukuma zege kutoka ndani hadi lipasuke, na ule ufa hufungua njia ya maji na chumvi zaidi. Hapo ndipo unapoona kwa nini plasta haisaidii. Ugonjwa umo ndani kwenye chuma, nasi tunapaka dawa ngozi. Plasta huficha dalili huku chuma kikiendelea kuliwa.

Dalili za kutazama

Kagua jengo lako angalau mara mbili kwa mwaka: kabla ya mvua za masika na baada yake. Anza na sehemu zinazopigwa na mvua na upepo: varanda, roshani, kingo za slabu, ngazi za nje, na chini ya matangi ya maji. Halafu ingia vyooni na jikoni, ambako maji huvuja bila kuonekana. Angalia yafuatayo:

• Madoa ya kahawia juu ya zege. Hayo ni maji yaliyopitia kwenye kutu.
• Ufa ulionyooka unaofuata mstari wa chuma, hasa chini ya slabu na kwenye pembe za nguzo.
• Sauti ya uwazi. Gonga kwa nyundo ndogo. Zege zima hutoa sauti kavu na kali. Lililoachana na chuma hulia kama mtungi mtupu. Usisimame chini ya mahali unapogonga.
• Michirizi myeupe chini ya slabu. Ni ishara kwamba maji yanapita ndani ya zege.
• Vyuma vilivyo wazi, au vipande vya zege vilivyoanguka.
• Sakafu iliyobonyea, au milango na madirisha ambayo ghafla hayafungiki vizuri.

Si kila ufa ni wa hatari. Nyufa nyembamba kama unywele zilizotawanyika ukutani mithili ya utando wa buibui mara nyingi ni za plasta iliyokauka haraka. Ukiwa na shaka, chukua penseli, weka alama kwenye ncha mbili za ufa na uandike tarehe kando yake. Rudi baada ya mwezi. Ufa uliopita alama unatembea, na ufa unaotembea unahitaji mhandisi.

Nyufa nyingine hazingoji mwezi. Ufa wa mshazari kwenye boriti karibu na nguzo, nguzo inayopasuka au kuvimba, sauti za mkwaruzo ndani ya kuta, au slabu inayoendelea kushuka: ondoa watu kwanza, funga eneo, kisha piga simu. Bidhaa zitafuata baadaye. Sote tunakumbuka jengo la orofa lililoporomoka Huruma, Nairobi, Aprili 2016 wakati wa mvua, na kuua zaidi ya watu 40. Jengo lile lilikuwa tayari limetiwa alama ya kubomolewa, na watu walikuwa wakiishi ndani.

Matengenezo ya kweli hufanywaje

Kwanza mhandisi wa majengo akague, aeleze chanzo, na aseme kama boriti au slabu iegemezwe kwa miti au vyuma kabla ya kuguswa. Kubomoa zege kwenye nguzo inayobeba mzigo bila kuiegemeza ni kujichimbia kaburi. Baada ya hapo kazi hufuata hatua hizi:

1. Kukata zege bovu lote. Fundi asiishie pale panapoonekana pabaya. Akate hadi akutane na zege zima na chuma kisicho na kutu, na achimbe hadi nyuma ya chuma, takriban milimita 20 hadi 25, ili kiraka kipya kikizunguke chuma pande zote. Kiraka kidogo kilichozungukwa na zege lenye chumvi hufanya kutu ihamie kandokando yake, na mwaka ujao utaanza upya.

2. Kusafisha chuma. Kutu yote iondolewe kwa brashi ya waya au mashine hadi chuma king'ae, kisha chumvi ioshwe kwa maji baridi ya mfereji. Chuma kilicholiwa kikawa chembamba hakiachwi hivyo. Mhandisi ndiye anayeamua kama kiongezwe kipya, wala si fundi kwa kukadiria kwa macho.

3. Kukipaka chuma dawa ya kuzuia kutu, na kulowesha zege la zamani. Zege la zamani lililokauka hunyonya maji ya kiraka, kikashindwa kushika. Lilowe vizuri, lakini maji yasituame juu yake.

4. Kujaza. Tumia mchanganyiko maalumu wa kutengenezea zege, au zege lililopimwa vipimo na mhandisi. Tazama mfuko wa saruji: nambari 32.5 au 42.5 huonyesha nguvu yake, na kwa sehemu zinazobeba mzigo wahandisi huagiza 42.5. Hakikisha mfuko una alama ya ubora ya KEBS na haujaganda. Mchanga uwe wa mtoni uliooshwa, na maji yawe ya kunyweka. Maji usiyoweza kuyanywa kwa sababu ya munyu, usiyape zege.

5. Kuacha kifuniko cha kutosha. Chuma kikiwa karibu mno na uso wa zege, chumvi hukifikia mapema. Kwa sehemu za nje karibu na bahari, milimita 40 hadi 50 za zege juu ya chuma ni kinga bora kuliko zile 25 tunazoziona majengo mengi ya zamani. Ndiyo kazi ya vile vijiwe vidogo ambavyo mafundi huviita biskuti.

6. Kumwagilia. Zege halikauki tu, linakomaa, na kukomaa kunahitaji maji. Lifunike kwa gunia lenye unyevu kwa angalau siku 7. Nguvu yake hupimwa kwa kawaida baada ya siku 28, kwa hivyo miti ya kuegemeza isiondolewe kwa haraka ya kufungua duka.

Mwisho ndipo plasta na rangi ya kuzuia maji huja.

Tahadhari kwa Mji wa Kale: nyumba nyingi za huko zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na kuta zake hupumua unyevu. Ukizipiga plasta ya saruji, unyevu hufungiwa ndani na mawe huanza kumeng'enyuka. Kuta hizo hutengenezwa kwa chokaa. Kwa kuwa eneo hilo linalindwa kama urathi, omba ushauri wa maafisa wa uhifadhi kabla ya kugusa ukuta wowote.

Kuzuia ni nafuu

Sehemu kubwa ya uharibifu huanza na maji yaliyokosa njia. Zibua mifereji ya paa kabla ya masika. Ziba mabomba yanayovuja siku hiyohiyo. Maji ya mashine za hewa baridi yaelekezwe kwenye bomba, yasidondokee slabu ya varanda mwaka mzima. Ng'oa miche inayoota kwenye nyufa ingali midogo, kwa maana mizizi hupanua ufa. Mabango ya biashara yasitobolewe ovyo kwenye boriti, na kila tundu lililoachwa lizibwe.

Pima pia mzigo. Mifuko 200 ya saruji ya kilo 50 ni tani 10. Tangi la lita 10,000 likijaa ni tani 10 nyingine. Orofa iliyojengwa iwe ofisi haikuhesabiwa kubeba ghala, na paa lililojengwa kwa tangi moja halikuhesabiwa kubeba matatu. Kabla ya kubadilisha matumizi ya jengo, muulize mhandisi.

Nani anawajibika

Mwenye jengo: Sheria ya Mipango ya Maeneo na Matumizi ya Ardhi ya 2019 inataka idhini ya kaunti kabla ya ujenzi. Kupaka rangi ni jambo dogo, lakini kubomoa na kujenga upya nguzo, slabu au roshani si jambo dogo. Uliza katika ofisi ya mipango ya kaunti kabla ya kuanza. Utahitaji pia idhini ya kufunga sehemu ya njia ya waenda kwa miguu ili wapita njia wasipite chini ya kazi. Mwanakandarasi awe amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, NCA, na mhandisi awe na leseni ya Bodi ya Wahandisi wa Kenya. Omba kuona vyeti, usitosheke na kadi ya biashara.

Anayesimamia jengo: Sheria ya Wajibu wa Wakaaji wa Majengo, Sura ya 34, inamtaka awe mwangalifu kiasi cha kutosha ili mgeni anayeingia asidhurike. Kusema "sikujua" ni vigumu ikiwa chuma kimekuwa wazi juu ya mlango kwa miaka mitatu.

Mpangaji: soma mkataba wako uone matengenezo ni ya nani. Ukiona dalili, mwandikie mwenye jengo barua au ujumbe wenye tarehe na picha, na uhifadhi nakala. Maneno ya mdomo hupotea. Kwa wapangaji wa maduka, hoteli na mikahawa wanaolindwa na Sura ya 301, Jopo la Kodi ya Majengo ya Biashara lina uwezo wa kuamuru matengenezo yafanywe kwa gharama ya mwenye jengo aliyekataa, au kumruhusu mpangaji ayafanye na kukata gharama hiyo kwenye kodi. Usianze kukata kodi kwa uamuzi wako mwenyewe. Nenda kwa jopo kwanza.

Mwananchi yeyote: ukiona jengo linalotishia wapita njia, piga ripoti kwa msimamizi wa wadi au ofisi ya ujenzi ya kaunti. Taja barabara, jina la jengo na ulichokiona. Huhitaji kuwa mpangaji wala jirani ili kusema.

Kwa hiyo wikendi hii, kabla ya kumwita fundi wa rangi, chukua nyundo ndogo na penseli, uzunguke jengo lako. Gonga, sikiliza, weka alama. Na yule mama wa viazi aliye chini ya varanda, mwombe asogee kidogo hadi kazi iishe.