Sigara kazini: tukataze kabisa, au tuache chumba kimoja?

Ndugu mfanyakazi, nawe mama wa nyumbani,

Swali moja linaulizwa sana hapa Kalengera: je, sigara ikatazwe kabisa mahali pa kazi, au wavutaji wapewe chumba chao? Sheria ya kazi ya mwaka 2002 inataka kila mahali pa kazi pawe na kamati ya usalama na usafi. Huko ndiko neno lako litakakopelekwa. Kabla ya kulitoa, soma haya.

PASIPO NA UBISHI

Penye baruti, petroli, mitungi ya gesi au betri zinazochajiwa, hapana sigara wala kiberiti. Watu wa Goma wanajua. Januari 2002, baada ya Nyiragongo kulipuka, kituo cha mafuta kilichozingirwa na lava ya moto kililipuka watu wakichota mafuta. Wengi walikufa. Moto haumwulizi mtu nia yake.

NA MAHALI PENGINE?

Ubishi uko kwenye chumba cha kulia, ofisi, chumba cha kubadilishia nguo, na kamioni inayotubeba. Wengine husema: "Moshi ni wa mwenye sigara." Sivyo. Shirika la Afya Duniani linahesabu watu zaidi ya milioni 7 wanaouawa na tumbaku kila mwaka, na zaidi ya milioni 1 kati yao hawavuti. Wanavuta moshi wa wenzao.

Kwa mchimbaji hatari ni mbili. Kwanza vumbi. Katika njia za hewa mna vinyweleo vidogo vinavyosukuma vumbi na makohozi kwenda juu, kama mafagio. Moshi huyalaza mafagio hayo. Vumbi la mawe likikaa kifuani miaka mingi huleta silikosi, ugonjwa usio na dawa ya kuuponya, nao hufungulia mlango kifua kikuu. Sigara nayo hufungua mlango ule ule.

Pili ni gesi ya monoksidi ya kaboni. Haina rangi wala harufu, na hushika katika damu nafasi ya hewa safi. Sisi tunayajua mazuku, hewa mbaya ya mabondeni inayoua bila kuonekana. Gesi ya sigara ni nyingine, wala haiui papo hapo. Lakini aliyetoka kuvuta hushuka shimoni damu yake ikiwa tayari imepungukiwa hewa.

CHUMBA CHA WAVUTAJI KINATOSHA?

Sheria ya Kenya ya 2007 iliruhusu mahali palipotengwa. Uganda, kwa sheria ya 2015, ilikataza ndani ya kila mahali pa kazi na hadi mita 50 nje. Nchi yetu iliridhia mkataba wa dunia juu ya tumbaku mwaka 2005, na mwongozo wake wa 2007 unasema wazi: chumba maalum na feni haviwalindi wengine. Mlango ukifunguliwa, moshi hutoka; na anayefagia chumba hicho, nani atamlinda?

PINGAMIZI LA KWELI

Mvutaji wa miaka mingi ana njaa ya nikotini. Ukimkataza bila msaada atajificha nyuma ya ghala, pengine karibu na baruti. Hapo katazo limezidisha hatari. Kwa hiyo nashauri:

1. Shimoni, garini na chini ya kila paa: hapana kabisa, kuanzia mkurugenzi hadi mlinzi.
2. Tarehe itangazwe miezi mitatu mbele.
3. Kwa miezi hiyo, pawe na mahali pamoja pa wazi, mbali na baruti, mafuta na milango, penye debe la mchanga. Kisha paondolewe.
4. Anayetaka kuacha aje dispansari. Kuomba msaada si kosa.

Mama, moshi wa nyumbani huwaletea watoto nimonia na pumu. Mzee avutie nje, na siku akijaribu kuacha, umtie moyo. Mwaka mmoja baada ya kuacha, hatari ya ugonjwa wa moyo inayoletwa na sigara hupungua karibu nusu.

Sasa mwambie mjumbe wako wa sendika unavyoona. Kifua ni chako, hakina cha akiba.