Je, Wajua? Kiuno cha Mcheza Rumba Huanzia Gotini

Je, wajua kwamba tango, dansi iliyozaliwa Buenos Aires na Montevideo, haimo kwenye kundi la dansi za Kilatini katika mashindano ya kimataifa? Imewekwa upande wa pili, pamoja na waltz na foxtrot. Salsa nayo haimo. Lakini jive imo, ingawa chimbuko lake ni Wamarekani Weusi, na Uingereza ilifikishwa na wanajeshi wa Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili. Dansi za Kilatini za mashindano ni tano, na kawaida huchezwa kwa mfuatano huu: samba, cha-cha-cha, rumba, paso doble, na mwisho jive.

Orodha hiyo ina mkono mkubwa wa walimu wa London. Mmoja wao, Mfaransa aliyejulikana kama Monsieur Pierre, alikwenda Havana mwaka 1947 na kukuta Wacuba wanaanza hatua ya rumba kwenye pigo la pili, wakati yeye na wenzake walikuwa wakifundisha kuanzia la kwanza. Akarudi na kuanza kufundisha alichokiona. Vyama vya walimu vikagawanyika, na mabishano yakaendelea kwa miaka. Hatimaye upande wake ndio ulioshinda, na hadi leo rumba ya mashindano hukanyagwa kwenye pigo la 2, la 3 na la 4.

Na pigo la kwanza? Hapo ndipo penye siri, na kwangu mimi ndiyo sehemu tamu kuliko zote katika mazoezi ya rumba. Sisi wa Afrika Mashariki tukisikia rumba tunamkumbuka Franco au Mbaraka Mwinshehe, na ni haki yetu, kwa kuwa santuri za Cuba zilifika kwetu na Kongo tangu miaka ya 1930 na kuacha alama isiyofutika. Ila rumba ya mashindano ni tawi jingine, la taratibu, lenye mapigo 100 hadi 108 tu kwa dakika. Mwanafunzi mgeni huanza kwa kuzungusha kiuno kwa makusudi, na mwalimu anayeijua kazi yake humsimamisha papo hapo. Kiuno hakifundishwi. Kinachofundishwa ni mguu.

Angalia hatua moja tu kwa karibu. Sehemu ya mbele ya unyayo inatangulia kugusa sakafu, vidole vikiwa vimeelekea nje kidogo. Uzito unahamia polepole, goti linanyooka, kisigino kinashuka. Mguu ukishanyooka na kubeba mwili wote, nyonga ya upande huo inasukumwa pembeni kisha nyuma, kwa sababu haina pengine pa kwenda. Pigo la kwanza halina hatua mpya: ni nafasi ya nyonga kumaliza safari yake. Ndiyo maana hata mabingwa hawaachi kutembea rumba. Wanavuka ukumbi wakitazama kioo, mbele na nyuma, bila mwenza na bila madoido, wakihakikisha kila goti linanyooka kwa wakati wake. Mtazamaji huona kiuno. Jaji huona mguu.

Kuna wanaodhani hii ni burudani tu, si michezo. Mwaka 1988 watafiti wa Australia walipima jozi kumi za washindani wakicheza kama walivyo kwenye mashindano. Katika dansi za Kilatini mapigo ya moyo ya wanaume yalifikia wastani wa 168 kwa dakika, na ya wanawake 177. Kumbuka pia kwamba mwanamke huvaa kisigino cha sentimita sita au saba. Kila dansi huchukua kama dakika moja na nusu, na kwenye fainali zote tano hufuatana, mapumziko yakiwa ni muda wa kuinamia watazamaji na kusubiri muziki unaofuata. Jive, yenye mapigo 168 hadi 176 kwa dakika na mateke ya harakaharaka, huja mwisho kabisa, pumzi ikiwa imekwisha. Kwa hiyo makocha huwachezesha wanafunzi raundi nzima: dansi tano mfululizo, kisha tano tena. Hakuna njia ya mkato ya kujenga pumzi ya jive.

Je, wajua kwamba washindani hawajui watapigiwa wimbo gani? Hatua wamezikariri kwa miezi, lakini wimbo huchaguliwa na msimamizi wa muziki, na wao huusikia kwa mara ya kwanza wakiwa sakafuni pamoja na jozi nyingine zinazogombea nafasi ileile. Samba na paso doble huzunguka ukumbi kinyume cha saa, kwa hiyo mwanamume lazima ajue kukwepa bila kuharibu hatua.

Paso doble pekee ndiyo yenye nafuu hapo, maana wimbo wake mara nyingi hujulikana. Humo mwanamume huigiza mpiganaji wa ng'ombe na mwanamke, mara nyingi, kile kitambaa anachokipeperusha. Waliowahi kuutazama mchezo wa ng'ombe wa Pemba wataelewa upesi. Wimbo unaotumika zaidi ni España Cañí wa Pascual Marquina, na vishindo vyake vikubwa wachezaji huvijua kwa moyo. Kila kishindo kikilia, jozi zote huganda kwenye pozi kwa sekunde ileile.

Viatu vya wachezaji navyo vina soli ya ngozi laini yenye manyoya mafupi, na husuguliwa kwa brashi ya waya ili visiteleze. Sakafu ikizidi utelezi, wapo wanaopaka soli mafuta kidogo ya nyonyo.

Hesabu za majaji nazo zina mshangao wake. Mfumo uitwao Skating, uliotumika Uingereza tangu 1937, haujumlishi alama; unatafuta wingi wa majaji. Tuseme majaji ni saba. Wanne wakikupa nafasi ya kwanza na watatu wakikuweka ya sita, umeshinda, hata kama jozi nyingine imepewa nafasi ya pili na wote saba. Jaji mmoja mwenye upendeleo au chuki hawezi kumwangusha mtu peke yake, na kwa maoni yangu huo ni uungwana mkubwa. Siku hizi baadhi ya mashindano makubwa hutumia pointi badala yake. Chini ya mfumo wa Skating, Donnie Burns na Gaynor Fairweather wa Uingereza walitwaa ubingwa wa dunia wa Kilatini kwa wachezaji wa kulipwa mara 14.

Shirikisho la dunia la dansi za mashindano lilitambuliwa na Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki mwaka 1997. Hata hivyo, dansi yake ya kwanza kushindaniwa medali kwenye Michezo ya Olimpiki ilikuwa breking, Paris 2024. Rumba na samba bado zinasubiri.

Na hofu ya jukwaani, je, huisha kwa uzoefu? Watafiti waliofanya kazi na washindani nchini Ujerumani walitoa majibu mwaka 2007. Walipima kwenye mate homoni ya kortisoli, ambayo mwili huitoa ukiwa na msongo. Siku ya mashindano ilipanda sana, na uchovu wa kucheza haukuwa sababu. Haikupungua hata kwa waliokwisha kushindana mara nyingi. Iliwapanda zaidi wanaocheza wawili wawili kuliko wanaocheza kwa kundi la jozi kadhaa, maana kwenye kundi macho ya majaji hugawanyika.