Baada ya Kuuliza Kama ni Halali

Familia zetu zinapotoka kula nje, jioni ya Idi au baada ya matembezi ya Mama Ngina, swali la kwanza tunalomuuliza mwenye mkahawa ni moja: nyama hii ni halali? Tukijibiwa ndiyo, nyoyo hutulia, na mtoto huachiwa aitishe atakacho. Naye huitisha chipsi, kuku wa kukaanga na soda, kwani ndivyo alivyoitisha mara iliyopita.

Lakini Suratul-Baqara, aya ya 168, imetaja sifa mbili kwa pamoja: chakula kiwe halali, na kiwe kizuri. Sisi tumeishika ya kwanza kwa mikono miwili, ya pili tukaisahau. Soda ya mililita 300 huwa na sukari ya takriban gramu 30, yaani vijiko saba na ushei vya chai. Hakuna mama atakayetia vijiko saba katika kikombe kimoja cha mwanawe (ingawa chai zetu za Pwani nazo zina hesabu yake), ila chupa huificha sukari hiyo.

Hatusemi mtoto anyimwe raha ya kutoka. Mtume (S.A.W.) alipomwona Umar bin Abi Salama, mtoto aliyelelewa nyumbani kwake, mkono ukizunguka sahani nzima, alimfunza papo hapo: apige bismillahi, ale kwa mkono wa kulia, ale kilicho karibu naye. Hakumfukuza penye chakula. Umar mwenyewe alisimulia kuwa tangu siku hiyo huo ndio uliokuwa mwendo wake wa kula.

Basi tuwafunze wetu vivyo hivyo, kwa upole, na tuanze njiani kabla ya kufika. Badala ya kumuuliza mtoto anataka nini, tumpe viwili ambavyo sote tumeviridhia achague kimoja: samaki wa kuchoma au mishkaki, dafu au maji. Kachumbari na matunda vitangulie, angali na njaa. Chipsi zikiagizwa, sahani moja igawanywe. Na baba asiagize soda huku akimhimiza mwanawe anywe maji. Watoto hawaikubali fatwa ya namna hiyo.

Bibi na wajomba, wapendao kununua kila anachokionyesha mtoto kwa kidole, nao waelezwe kwa adabu kungali nyumbani. Kuwakatalia mbele ya mhudumu ni kumvunjia mkubwa heshima, tena mtoto ameshaiona chupa.