Kufuga Samaki Nyumbani Kwataka Subira

Miongoni mwa kazi za halali ambazo kijana aweza kuzifanya uani kwao pasipo mtaji mkubwa ni kufuga samaki wa maji baridi. Hodhi la saruji, maji safi na vifaranga vya sato vyatosha kuanzia. Lakini wengi huianza kazi hii kwa furaha wakaiacha kwa hasara, na sisi tulikuwa miongoni mwao. Twapenda basi kuwaeleza wasomaji wetu yaliyotupata, ili wao wasiyarudie.

Hodhi letu lilikuwa na urefu wa meta 3, upana wa meta 2 na kina cha meta 1. Siku tulipolijaza maji ya bomba, siku iyo hiyo tulitia vifaranga 60, kwani tulidhani ya kuwa wingi ndio faida. Watoto walifurahi mno, na kila apitaye alitupa konzi ya pumba. Siku ya nne, tulipoamka kwa sala ya alfajiri, tuliwakuta samaki wamepanda juu, vinywa wazi, wakitafuta hewa. Kabla ya adhuhuri zaidi ya nusu walikuwa wamekufa.

Hawakufa kwa njaa. Waliuawa na ukarimu wetu. Samaki hutoa taka iitwayo amonia, ambayo ni sumu kwake mwenyewe. Chakula kisicholiwa huoza, kikaizidisha sumu hiyo na kuimaliza hewa iliyomo majini. Hewa hiyo hupungua zaidi karibu na alfajiri, maana usiku kucha kila kilicho hai majini huivuta, wala hakuna jua la kuiwezesha mimea kuirudisha. Katika hodhi lililozoea samaki wamo bakteria waigeuzao amonia kuwa kitu kisicho na madhara makubwa. Lakini huchukua kama wiki 4 hadi 6 kuenea. Hodhi jipya halina jeshi hilo. Tena maji ya bomba hutiwa klorini, na saruji mpya hutoa chokaa; vyote viwili humdhuru samaki.

Kwa hivyo, mwenye hodhi jipya na alijaze maji, ayaache siku kadhaa, ayamwage, kisha arudie. Maji ya bomba yakae wazi siku 2 kabla ya kutiwa samaki. Kwa hodhi lisilo na pampu ya hewa, samaki 2 kwa kila meta ya mraba ni kadiri ya salama. Katika letu ni 12 tu. Kama kila mmoja ana gramu 20, uzito wao wote ni gramu 240, na chakula cha kutwa ni asilimia 5 yake, yaani gramu 12, kigawanywe asubuhi na jioni. Wakionekana wakihema juu ya maji, chakula kisimamishwe, na theluthi ya maji ibadilishwe.

Tena yafaa kuchagua madume. Sato jike huatamia mayai kinywani mwake, na wakizaana ovyo hodhi hujaa wadogo wasiokua.

Twaijua sote habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia, asimlishe wala asimwache ajitafutie. Samaki wa hodhini naye ni mfungwa wetu, wala hana sauti ya kulalamika. Kumlisha kupita kiasi si huruma, maadamu kwamwua.

Mara ya pili tulitia 12, na kipimo cha chakula tukamkabidhi mtoto mmoja tu. Baada ya miezi minane tulikula, na jirani tukampelekea sahani yake. Enyi vijana, anzeni na wachache, mjifunze kuwatunza. Wingi utakuja kwa wakati wake, inshallah.