Mali bila daftari: namna ya kupanga masomo unayojisomesha mwenyewe



Wengi wetu tulitoka nyumbani kuja kusomea fani moja. Shahada tukapata, kazi tukapata, na sasa umri umesogea, tunataka kusoma yale ambayo shule haikutupa nafasi. Mimi fani yangu ni uhandisi wa maji, lakini usiku najisomea historia ya pwani, elimu ya nyota na Kiajemi kidogo. Hakuna mwalimu wala mtihani. Tatizo ni kwamba unasoma sana, halafu hakibaki kitu.

Kwa miaka sita nilikuwa naandika kila nilichosoma katika programu moja ya mtandaoni, kila somo na folda yake. Siku moja wenye programu wakatangaza wanafunga. Nikapewa muda wa kuchukua vyangu, lakini vilivyotoka vilikuwa vurugu tupu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi daftari nilikuwa nalo, ila ufunguo alikuwa nao mtu mwingine.

Nilipokaa kuokoa kilichookoleka ndipo nikaona kosa kubwa zaidi, na hilo lilikuwa langu. Katika folda ya pwani nilikuwa nimeandika kwamba mwaka wa Nairuzi, waliouhesabia manahodha na wakulima wetu, una miongo 36 ya siku kumi kumi, na siku 5 za kumalizia. Katika folda ya nyota nilikuwa nimeandika kwamba Wamisri wa kale nao walikuwa na miongo 36 na siku 5 juu yake, na kwa kuwa hawakuongeza siku kila mwaka wa nne, mwaka wao ulikuwa ukiachana na majira polepole. Hesabu ni ile ile, nimeiandika kwa mkono wangu mara mbili, wala sikushtuka! Sisemi kwamba mmoja umetokana na mwingine, hilo linataka uchunguzi. Lakini hata swali lenyewe sikuliuliza, maana kila somo nililifungia chumba chake.

Dawa yake niliipata kwa Mjerumani Niklas Luhmann (1927–1998), mwanasosholojia aliyeacha kadi za karatasi zipatazo 90,000. Kila kadi aliipa namba, na ndani yake akataja namba za kadi nyingine zinazohusiana nayo, hata kama mada ni mbali. Leo kompyuta inafanya kazi hiyo kwa urahisi. Mimi natumia Obsidian, iliyotoka mwaka 2020, kwa sababu kila kadi ni faili la maandishi ya kawaida ndani ya kompyuta yangu. Programu ikifa kesho, maandishi nitayafungua kwa nyingine.

Utaratibu wangu ni huu:

1. Kadi moja, wazo moja. Kichwa chake kiwe sentensi kamili: siyo "Nairuzi", bali "Mwaka wa Nairuzi una siku 365".

2. Andika kwa maneno yako, na kwa Kiswahili. Nikishindwa kulieleza jambo kwa lugha ya mama, najua sijalielewa, nilikuwa nanakili tu.

3. Taja kitabu na ukurasa hapo hapo. Usijidanganye kwamba utakumbuka.

4. Kila kadi mpya iunge na kadi moja ya zamani, ikiwezekana ya somo jingine, na uandike kwa nini umeziunga. Kiungo kisicho na sababu ni pambo tu.

5. Ijumaa jioni soma kadi za wiki nzima, kisha weka nakala ya pili mahali pengine.

Na tahadhari moja: kuna watu wanapanga tu, hawasomi. Hebu anza na kadi kumi, zana utabadilisha baadaye. Sisi wa umri huu hatuna miaka ya kusoma kitu kile kile mara mbili.